MAKUENI: NCHI KAVU NA CHUNGU CHA MWAKA MZIMA

Mtu atokaye Machakos kwenda Wote huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Mji wa Machakos umekaa juu, yapata mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, nao umezungukwa na vilima vilivyochongwa matuta tangu chini mpaka karibu na vilele. Barabara hupita Katumani, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichowapatia wakulima wa nchi kavu mbegu ya mahindi yenye jina hilo hilo, mahindi mafupi yakomaayo upesi kabla mvua haijakatika. Baada ya hapo safari ni ya kuteremka. Joto huongezeka, miti ya miiba huwa mingi, na udongo huwa mwekundu kama tofali lililotoka tanurini. Afikapo Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, msafiri huwa ameshuka kiasi cha mita 500.

Akipita huko mwezi wa Septemba, atasema kwamba hiyo ni nchi ya njaa: mito imekuwa mchanga mtupu, punda wamebeba mitungi ya maji, na mashamba yamelala. Akipita mwezi wa Januari, atasema kwamba ni nchi ya neema: maembe yamelundikwa kando ya njia, mahindi yamesimama, na maboga yametambaa mpaka mlangoni. Hukumu zote mbili si za haki. Nyumba ile ile, yenye mama yule yule na chungu kile kile, hupita katika miezi yote miwili, na ufundi wake wote umo katika kuiunganisha.

Mvua za Ukambani ni mbili. Watu wa nchi za juu, kama Nyeri na Kiambu, huyategemea sana masika ya Machi mpaka Mei. Mkamba wa Makueni hutegemea zaidi vuli, ambayo huanza mwishoni mwa Oktoba na kwisha Desemba, kwa sababu masika huko chini mara nyingi huja na ahadi kubwa na maji machache. Kwa hiyo mwaka wa jikoni hauanzi Januari kama ule wa kalenda ya ukutani. Huanza siku ile mvua ya kwanza ya vuli inapolowesha vumbi.

Chakula cha kwanza kuja ni majani ya kunde. Majuma matatu au manne baada ya kuota, majani laini huchumwa jioni na kupikwa pamoja na ugali au kuchanganywa katika isyo, chakula cha mahindi na kunde au maharagwe ambacho Wakikuyu hukiita githeri. Mwenye busara hachumi shina moja mpaka likabaki uchi, bali hupita shambani akichukua kidogo hapa na kidogo pale, maana mmea huo huo anautaka umpe maganda baadaye. Kisha hufuata majani ya maboga na mchicha uotao wenyewe. Mboga hizi hazina gharama ila ile ya kuinama. Ni jambo la kusikitisha kuona nyumba iliyozungukwa na majani ya kunde ikimtuma mtoto dukani kununua kabichi iliyosafiri siku mbili ndani ya gari, kwa kuwa tu kabichi imeonekana kuwa chakula cha watu wa mjini.

Mnamo Desemba maembe huanza kuiva, nayo huendelea mpaka Februari au Machi. Pojo, ambazo Kenya nzima huziita ndengu, hukomaa upesi sana, na aghalabu huwa tayari kabla ya mahindi. Januari ni mwezi wa kunde mbichi katika maganda yake, na wa mahindi ya kuchoma. Hapa hapana budi kusema neno moja ambalo watoto hawapendi kulisikia. Mahindi mabichi ni matamu, lakini kuyala ni kulila ghala kabla halijajaa. Gunzi lililochomwa Januari ni lile lile ambalo lingesagwa Agosti. Ndiyo maana wazee huruhusu mahindi ya ukingoni na yale yaliyodumaa yaliwe kwanza, na yale mazuri ya katikati huachwa yakauke. Majani, maboga, kunde mbichi na viazi vitamu ni chakula kingine kabisa, kwa kuwa havitadumu hata vikiachwa. Hivyo ndivyo vya kuliwa kwa wingi vikiwapo.

Hesabu yake si ngumu. Sokoni kipimo ni gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na gunia la kilo 90 ni gorogoro 45. Nyumba ya watu sita au saba ipikayo, kwa uchache, gorogoro moja kavu kwa siku itahitaji gorogoro 365 kwa mwaka. Ikiwa theluthi mbili ni mahindi na theluthi moja ni kunde, mbaazi au maharagwe, hayo ni magunia matano na nusu ya mahindi, na magunia mawili na zaidi ya nusu ya nafaka za maganda. Basi nyumba hiyo ikila majani, maboga na viazi vitamu katika siku 60 za neema, na kutoa ghalani nusu ya gorogoro tu kila siku badala ya nzima, itakuwa imebakiza gorogoro 30. Hizo ni siku 30 za Septemba au Oktoba, wakati ambapo gorogoro moja haipatikani kwa bei ya Februari.

Na bei ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Mahindi huvunwa Februari, wakati ule ule karo ya shule inapodaiwa na wanunuzi wanapokuja na malori yao. Kila mtu anauza. Kwa hiyo mahindi ni rahisi. Miezi sita baadaye kila mtu ananunua, na ni ghali. Mazungumzo kama haya husikika katika nyumba nyingi za huko:

“Mama, mnunuzi amesimama barabarani. Tukimpa magunia mawili, karo ya muhula huu imekwisha.”

“Mwanangu, mpe ndengu. Mpe na maembe yaliyobaki mtini. Mahindi usimpe, mwezi wa tisa utakwenda kuyanunua kwake yeye yule.”

Huyo mkwe mzee hakusoma elimu ya biashara, lakini hesabu yake ni sahihi. Ndengu zina soko zuri mijini, na embe haliwezi kuwekwa. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilifungua kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba ili wakulima wapate mahali pengine pa kuuza mbali na madalali, na hata hivyo embe lililoiva haliwezi kungoja bei ipande. Mahindi, kunde na mbaazi yaweza kungoja. Kinachoharibika ndicho cha kuuzwa au kuliwa mapema; kinachodumu ndicho cha kuwekwa. Nyumba nyingi hufanya kinyume chake, si kwa ujinga, bali kwa sababu karo haina subira. Ndiyo sababu familia zenye mtu mwenye mshahara mjini hufanya vyema fedha ya mjini ikifika Februari kwa ajili ya karo, kuliko ikifika Septemba kwa ajili ya unga. Karani wa Nairobi atumaye shilingi zile zile katika mwezi wa mavuno huyaokoa magunia mawili yasipande lori. Akizituma katika mwezi wa ukame, zitanunua pengine gunia moja.

Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa majina, na majina hayo ni kama kitabu cha historia. Ile kubwa ya mwaka 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Nyingine iliitwa Atta, kwa ajili ya unga wa msaada uliogawanywa. Ya mwaka 1984 ndiyo yenye jina la kutisha kupita yote: Nikwa Ngwete, yaani nitakufa nikiwa nimeshika, na kilichoshikwa mkononi ni fedha. Watu walikuwa na shilingi mfukoni, lakini chakula cha kununua hakikuwako. Wazee walioiona njaa hiyo hawachoki kuwaambia vijana kwamba fedha si chakula, na vijana walio na simu za kupokea fedha saa yoyote huona kwamba hayo ni maneno ya zamani. Hata hivyo, katika nyumba iliyopitia mwaka ule, ni nadra kuona ghala likifagiliwa mpaka chini kwa sababu ya bei nzuri.

Upande wa kaskazini wa Wote kuna vilima vya Mbooni, na msafiri asivipite bila kupanda. Huko juu kuna baridi na mvua zaidi. Migomba, mihogo na sukuma wiki hustawi mahali ambapo chini yake pangekuwa na vumbi. Siku ya soko wanawake wa juu huteremka na ndizi na mboga za majani, na wale wa chini huleta ndengu, kunde na maembe. Kwa kuwa majira ya juu na ya chini hayaendi sawa, soko hulisha pande zote mbili. Mwanamke ajuaye kununua hufika mapema, huzunguka mara moja bila kununua kitu, akitazama ni kitu gani kimeletwa na watu wengi siku hiyo. Hicho ndicho cha kupika juma hilo, hata kama alitoka nyumbani akiwa na mawazo mengine. Anayekwenda sokoni akiwa ameshakata shauri la kupika kitu fulani hulipa zaidi.

Methali ya Waswahili husema kwamba akiba haiozi. Watu wa Makueni wanajua kwa uchungu kwamba huoza. Mwaka 2004, baada ya mavuno yaliyonyeshewa na mvua isiyo ya wakati wake, watu wa Makueni na Kitui walianza kuugua, macho yakigeuka manjano na matumbo yakivimba. Ugonjwa huo haukuambukizwa na mtu. Ulitoka katika mahindi yao wenyewe, yaliyoota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini, ambayo nchini Tanzania huitwa sumukuvu. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo huharibu ini, nayo haiondoki kwa kuchemsha. Wengine walikuwa wameyaingiza mahindi ndani ya nyumba wanamolala yakiwa hayajakauka, wakayalundika sakafuni, kwa kuwa mwaka ulikuwa mbaya na waliogopa wezi. Ghala la asili la Wakamba lilijengwa nje, likainuliwa juu ya nguzo ili upepo upite chini yake. Hofu ya mwizi ilikitoa chakula katika upepo na kukiweka katika unyevu.

Tangu wakati huo kukausha kumekuwa jambo la kwanza katika mazungumzo ya bwana shamba na wakulima. Mahindi huanikwa juu ya turubai au mkeka, wala si juu ya udongo mtupu, na hufunikwa jioni kabla umande haujashuka. Yaliyovunda au kutobolewa huchambuliwa na kutupwa mbali. Kumpa kuku mahindi hayo si akiba, ni kuihamisha hasara. Asiye na chombo cha kupimia unyevu anaweza kutumia chupa kavu na chumvi kavu: hutia punje kiasi, hutia chumvi kidogo, hutikisa kwa dakika chache, kisha huiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yangali na maji na yarudi juani. Ikianguka chini yote, yanaweza kuwekwa.

Baada ya unyevu, adui ni dumuzi mkubwa, mdudu mgeni aliyevuka kutoka Tanzania na kuonekana Taveta mwaka 1983. Watanzania walimwita Skania, kwa kuwa walimwona akisafiri na malori ya chakula. Mdudu huyo huweza kuyageuza mahindi ya gunzini kuwa unga mtupu katika miezi michache. Siku hizi wengi hutumia magunia ya tabaka tatu yasiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi, na dawa haihitajiki. Bei yake ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja lisipotobolewa na panya. Mahindi yenye unyevu yakitiwa humo yatavunda vilevile, kwa hiyo chupa ya chumvi hutangulia gunia.

Jikoni, chakula cha heshima cha miezi mikavu ni muthokoi. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo na kutwangwa kinuni mpaka ganda la juu litoke, hupepetwa, kisha huchemshwa polepole pamoja na kunde, maharagwe au mbaazi. Wataalamu waliochunguza mahindi ya muthokoi waliona kwamba kuliondoa ganda hupunguza pia sehemu ya ile sumu ya ukungu. Lakini kupunguza si kuondoa, na mahindi mabovu hayafanywi kuwa mema na kinu. Makapi hupewa mbuzi. Gharama ya muthokoi ni kuni na muda. Mpishi mzoefu huloweka mahindi na kunde usiku kucha, na hupika chungu kimoja kikubwa cha siku mbili badala ya kuwasha moto mara nne. Maji ya kulowekea humwagwa katika mche wa mpapai au mwembe, kwa maana huko maji hayamwagwi ovyo.

Ukiulizwa ni mmea gani uishikiliao nchi hiyo, watu wengi wangetaja mahindi. Kwa haki ingefaa kuutaja mbaazi, ambao Wakamba huita nzuu. Mbaazi wa kienyeji hupandwa Oktoba au Novemba katika mistari pamoja na mahindi. Mahindi yakivunwa Februari, wenyewe bado ni mdogo na haudai kitu. Mizizi yake hushuka chini sana, hunywa maji ya vuli yaliyojificha, hupokea masika hata yakiwa hafifu, kisha hutoa maua. Kuanzia Juni au Julai, siku za mawingu na baridi, wakati mboga zimekwisha na ghala limefika nusu, mbaazi mbichi huanza kuchumwa. Hupukuchuliwa barazani jioni, watoto wakisaidia na kula nyingine mbichi, na huiva kwa moto mdogo kuliko zile kavu. Nyingine hukaushwa mwezi wa Agosti na Septemba. Majani yaliyoanguka hulisha udongo. Mashina yakikatwa huwa kuni, na katika nchi ambako mzigo wa kuni hununuliwa, hicho nacho ni kipande cha bajeti. Mbaazi mbichi zilizopukuchuliwa huuzwa katika mifuko midogo kando ya njia, na wasafiri wa magari huzipita wakitafuta soda baridi.

Katikati ya mwaka machungwa nayo huiva, na ukwaju huletwa sokoni kutoka nchi ya chini upande wa Kibwezi, kwa ajili ya uji. Majani ya kunde yaliyoanikwa kivulini wakati wa mvua hutolewa mtunguni. Rangi yake imefifia, lakini yakilowekwa na kupikwa kwa kitunguu na nyanya moja huitosha nyumba. Sukuma wiki ya kunyweshewa maji, inayolimwa karibu na mito ya mchanga yenye mabwawa ya kuzuia mchanga na maji, huuzwa ghali miezi hiyo, na wenye hekima huinunua mara chache.

Oktoba ndio mwezi mrefu. Ghala hutoa sauti likigongwa. Sukari hupunguzwa kwanza, kisha mafuta, kisha chai huwa ya rangi. Hata hivyo kuna kibuyu kimoja au viwili vilivyofungwa mdomo kwa majivu na kutundikwa juu ya moshi wa jiko, ambavyo havifunguliwi hata mgeni akija na njaa: mbegu za kunde, za mbaazi na za mahindi yaliyochaguliwa magunzi bora. Mwenye kula mbegu atainunua dukani siku ambayo kila mtu anainunua. Wengi hupanda katika udongo mkavu, kabla tone halijaanguka, ili mbegu isipoteze hata siku moja ya mvua iliyo fupi. Akina mama hutazama upande wa mashariki kila alasiri. Mawingu yakija na kupita, kazi ya siku ile ni kwenda mtoni kuchimba maji. Yakija na kukaa, ni kuwafukuza kuku shambani na kuhesabu siku 21 mpaka jani la kwanza la kunde.